Mpumbu ya Luapula: samaki iliyokamatwa njiani mbele ya kuzaa

Kila mwaka, mvua ya mwezi wa kumi na mbili ikianza kunyesha kwa nguvu, mazungumzo moja inarudi katika masoko ya Lubumbashi, Ruashi ikiwa ndani: uvuvi umefungwa. Bamama wanaouzisha samaki ya Kasenga wanajiuliza watapata wapi bidhaa. Baba wa nyumba anauliza watoto watakula bukari na nini. Na wengi wanasema sheria ile ni ya kutesa raia tu, sababu samaki ni zawadi ya Mungu na haiwezi kuisha.

Inaweza kuisha. Luapula ilishaonyesha jambo lile zaidi ya miaka 70 iliyopita, na muji uliokula samaki ile mpaka ikaisha ni muji wetu huu, wakati ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Samaki yenyewe inaitwa mpumbu. Vijana wengi wa leo hawajaionja hata siku moja.

Samaki yenye kusafiri

Mpumbu, ambayo wataalamu wanaiita Labeo altivelis, ni ya jamaa moja na samaki aina ya kapu. Haili samaki wenzake. Mdomo wake uko chini ya kichwa, na kazi yake ni kukwangua ukungu wa kijani na uchafu laini kwenye mawe na matope. Siku nyingi za mwaka inakaa katika ziwa Moero, ziwa tunalogawana na Zambia, pamoja na sehemu za chini za mto Luapula.

Lakini haizalii pale inapokula. Mvua zikianza na Luapula ikijaa, mpumbu zilizokomaa zinatoka ziwani, zinajikusanya kundi kubwa na kupanda mto. Zinapita karibu na Kasenga, zingine zinafika mpaka kwenye maporomoko ya Mambilima, yale Waingereza waliita Johnston Falls. Kandokando ya safari ile zinaingia vijito na mabonde yaliyofunikwa na maji. Hapo ndipo jike linataga mayai na dume linayatia mbegu. Mayai yanaanguliwa haraka. Vitoto vinakula na kukomaa kidogo ndani ya majani yaliyozama, mbali na samaki kubwa zenye kuvimeza, halafu maji yakianza kushuka navyo vinashuka kuelekea ziwa.

Nguvu ya samaki hii ni kupanda yote pamoja, kwa njia moja na kwa majira moja, hivi kwamba maadui wa majini hawawezi kuimaliza. Udhaifu wake uko palepale. Binadamu aliye na wavu hana haja ya kuitafuta. Anajua mwezi, anajua njia, anaingojea.

Shaba ilivyokula samaki

Watu wa Luapula walivua mpumbu wakati wa kupanda tangu zamani, kwa wigo, mitego na nyavu za kamba za miti. Walikula, wakakausha, wakabadilishana na watu wa nchi kavu. Uvuvi ule haukumaliza samaki, kwa sababu sehemu kubwa ya kundi ilikuwa inapita.

Mambo ilibadilika na migodi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji chakula kwa maelfu ya wafanyakazi wa Elisabethville na kambi zingine za shaba. Nyama ilikuwa haitoshi, na Luapula ilikuwa kilometa zaidi ya 200 tu. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakaleta mashua za injini, barafu na makamyo. Samaki iliyovuliwa Luapula ikaanza kuingia muji ingali mubichi. Upande wa pili wa mto, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, wavuvi pia waliingia biashara, kwani soko la Kongo lilikuwa na feza. Vita ya pili ya dunia ilipokuja, dunia ilitaka shaba nyingi, na shaba nyingi ilitaka vinywa vingi vya kulisha.

Wakati wa kuvua sana ulikuwa ule wa kupanda. Mpumbu ilikuwa nene na rahisi kukamata, na tumbo lake lilijaa mayai ambayo yenyewe yalikuwa bidhaa yenye kupendwa. Kumbe kila jike lililouzwa na mayai yake lilikuwa ni samaki ya miaka ijayo iliyouzwa siku hiyo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, kundi lilianguka. Nyavu zilezile, mahali palepale, mwezi uleule, hazikujaa tena. Serikali mbili za kikoloni zilikuwa kila mmoja na kanuni zake upande wake wa mto, lakini samaki haijui mpaka. Anayeacha ipite upande huu, mwingine anaikamata upande ule. Mpumbu haikutoweka kabisa. Ila mpaka leo haikurudi kuwa samaki ya kulisha muji.

Biashara haikufa, iligeuka. Wavuvi walihamia pale, samaki ya jamaa ya tilapia. Pale ilipopungua nayo, watu wengi wakashika chisense, vile visamaki vidogo vinavyovuliwa usiku kwa taa na kukaushwa kwa jua. Leo mfuko wa chisense ndio mboga ya nyumba nyingi za Ruashi, pamoja na samaki ya frigo inayotoka bahari ya Namibia. Yaani muji ulio karibu na Luapula unakula samaki iliyosafiri maelfu ya kilometa. Hiyo nayo ni bei ya mpumbu.

Marekani walifanya nini

Kuna nchi iliyopita njia hiyohiyo na ikarudi nyuma mbele ya kuchelewa. Pwani ya mashariki ya Marekani kuna samaki kubwa yenye mistari myeusi mbavuni, wanaiita striped bass. Inakaa baharini, lakini majira ya mvua na joto la kwanza inapanda mito, zaidi ile inayoingia ghuba ya Chesapeake, ili kutaga. Inaweza kuishi miaka 30, na jike linachukua miaka mingi mbele ya kuanza kuzaa. Kama mpumbu, wavuvi waliijua njia yake.

Mwaka 1973 wavuvi wa biashara walipata karibu tani 6,700. Mwaka 1983 walipata karibu tani 1,600 tu. Mwaka 1984 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulazimisha majimbo yote ya pwani kufuata mpango mmoja, kwa kuwa jimbo moja likifunga na jirani likiacha, kazi ni bure. Mwaka 1985 jimbo la Maryland lilifunga kabisa uvuvi wa samaki ile, na halikufungua mpaka mwaka 1990. Mahali pengine, kipimo cha samaki inayoruhusiwa kiliongezwa mwaka kwa mwaka, kwa shabaha moja: samaki zilizozaliwa mwaka 1982 na kuendelea zisikamatwe mpaka majike karibu yote, 95 kwa mia, yapate kutaga walau mara moja.

Mwaka 1995 wakubwa wa uvuvi walitangaza kwamba striped bass imerudi. Lakini hadithi haikuishia kwenye furaha. Mwaka 2019 uchunguzi mpya ulionyesha kwamba imevuliwa kupita kiasi tena, na masharti yakakazwa upya. Samaki inarudi ikiachiwa nafasi ya kuzaa. Na hata ikirudi, ulinzi hauwezi kulala.

Kwa nini huku kufunga kunakuwa kugumu

Zambia inafunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Upande wa Kongo pia, wakubwa wa Katanga wamekuwa wakitangaza kufunga wakati wa mvua. Majira yamechaguliwa vizuri: ndio wakati samaki nyingi zinazaa. Matatizo ni mengine.

La kwanza ni mpaka. Maji ni moja, mabwato yanavuka usiku, na mvuvi anayetii anamwona jirani yake akivuta nyavu. Baada ya miaka miwili mitatu, hata mwenye kutii anachoka. Kwa hiyo tarehe moja kwenye karatasi haitoshi. Inafaa walinzi wa pande zote mbili wafanye kazi siku zilezile na kwa masharti yaleyale.

La pili ni njaa. Mvuvi wa Kasenga, Kilwa au Pweto hana mshahara. Miezi mitatu bila wavu ni miezi mitatu ya deni, tena ni ile miezi ambayo mahindi ya shamba hayajakomaa. Ukimwambia afunge bila kuonyesha atakula nini, unamfundisha kuvua usiku. Maryland ilifunga miaka mitano, lakini watu wake walikuwa na kazi zingine za kukimbilia. Hapa, kufunga kunakodumu ni kule kunakoendana na shamba, mifugo, mabwawa ya samaki na mkopo mdogo uliotayarishwa mbele ya Desemba, si baada.

La tatu ni kuchanganya samaki zote katika kapu moja. Mpumbu inasafiri kutaga. Pale haisafiri vile: jike linabeba mayai na vitoto ndani ya mdomo, karibu na ukingo. Chisense ni fupi ya maisha na inazaa haraka, inaweza kuvumilia kuvuliwa zaidi. Sheria inayogonga zote sawasawa inamtesa mvuvi wa chisense bila kusaidia sana samaki yenyewe, na wakati huohuo inamwacha mwenye kupiga maji ili kusukuma pale kwenye wavu, kazi ile inayoitwa kutumpula, afanye miezi tisa iliyobaki. Chandarua cha mbu kikivutwa ukingoni, kule vitoto vinakolelewa, kinachukua chisense na kinachukua pia pale na mpumbu ambazo hazijafika urefu wa kidole.

Kule ziwa Tanganyika, wavuvi wa Uvira, Fizi na Kalemie wanajua mjadala huu. Kufuatana na mapatano ya nchi nne zinazogawana ziwa lile, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, uvuvi ulifungwa tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Swali lililoulizwa kule ndilo la Luapula: nani analinda, na mvuvi anakula nini?

Ruashi inaingia wapi

Mtu anaweza kusema: sisi ni watu wa muji, Luapula ni mbali. Historia ya mpumbu inasema kinyume. Aliyemaliza mpumbu si mvuvi peke yake. Ni soko la muji lililolipa vizuri samaki yenye mayai katika miezi ya kupanda. Soko likiendelea kuitafuta, hakuna mlinzi atakayeweza kufunga mto wote.

Tena muji unatuma kitu huko bila kujua. Mto Lubumbashi, unaopita karibu na kiwanda cha zamani cha Gécamines, unaingia Kafubu, na Kafubu inaingia Luapula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameshakuta madini kama shaba na kobalti katika maji na matope ya mito ya sehemu hii. Kufunga uvuvi hakusaidii kitu kama mahali pa kutagia panaharibika.

Kwa mkaaji wa Ruashi, mambo ya kufanya si makubwa. Kuanzia Desemba mpaka Februari, kuuliza samaki mubichi ya Luapula imetoka wapi, na kuacha ile yenye tumbo la mayai, hata kama bei ni nzuri. Katika miezi mingine, kuacha vitoto vya pale, na kununua chisense halisi. Wenye kiwanja na maji, kufikiria bwawa la tilapia. Na vyama vya bamama wanaouzisha samaki vina haki ya kuwaomba wakubwa wa jimbo watangaze tarehe za kufunga na kufungua mapema, kwa redio, kwa Kiswahili na Kibemba, ili mtu asinunue bidhaa kwa deni halafu akanyang'anywa kwenye barriere.

Mpumbu chache zilizobaki bado zinapanda Luapula mvua zikinyesha. Ili kundi lirudi kuwa kubwa, majike yanapaswa kufika mabondeni na kutaga mbele ya kufika sokoni, tena si kwa mwaka mmoja tu.