Friji linamwaga machozi? Zibua, usitoboe!

Wiki hii tuwaache kidogo wapenzi na visa vyao, tuzungumze na wewe mwenye grosari, wewe kaka wa bucha, na wewe dada wa duka la soda ambaye kila asubuhi unaianza siku kwa kupiga deki chini ya friji. Jana umepiga, leo umepiga, kesho dimbwi liko palepale. Mteja akiteleza, unasingizia mvua. Mvua gani hiyo inayonyesha ndani ya duka?

Maji yale hayaletwi na jini, yanatoka hewani. Hewa ya Dar, Tanga au Mombasa ina unyevu mwingi, na kila anayefungua mlango wa friji "kuangalia tu" anauingiza ndani. Unyevu ukigusa mabomba ya baridi unageuka matone au barafu. Barafu ikiyeyuka, maji yanashuka, yanapita kwenye tundu dogo na mpira mwembamba hadi kwenye trei iliyo karibu na kompresa. Pale joto linayakausha polepole, wewe hata huna habari.

Kasheshe inaanza tundu likiziba. Vumbi, lebo za chupa zilizobanduka, soda iliyomwagika, magamba ya samaki, vipande vya nyama, vyote vinakutana huko na kuota ute mzito kama uji wa juzi. Maji yakikosa njia yanamwagika sakafuni, au yanaganda na kuzidisha barafu. Friji linahangaika, bili ya umeme inapanda, nyama inaanza kunuka. Hapo mtaji wako unaaga hivihivi unaona.

Sasa ndipo mabingwa wa kijiweni wanapoingia. Huyu na bisibisi, yule na spoku ya baiskeli, wanachokoa weee! Mshikaji, mabomba ya baridi yako jirani kabisa na tundu hilo, na ni membamba. Ukisikia "pssss", gesi ndiyo imekwenda hiyo. Kazi ya dakika kumi imegeuka kazi ya kuchomelea na kujaza gesi upya. Tena friji nyingi mpya za vinywaji zinatumia propani, R-290, ndugu wa gesi ya kupikia. Inashika moto! Na jirani yako anakaanga chipsi.

Fanya hivi. Chomoa waya ukutani, usizime swichi tu. Toa bidhaa, acha mlango wazi barafu iyeyuke yenyewe. Kisu weka mbali.

Chukua bomba la sindano kubwa, la mililita 60, bila sindano yake. Maduka ya dawa yanalo. Vuta maji ya vuguvugu, yasukume tunduni taratibu. Ya kuchemka hapana, yanalegeza plastiki.

Yakigoma, tafuta brashi laini ya nailoni, ndefu na yenye kupinda. Iingize huku unaizungusha, usilazimishe.

Ukiweza kuazima mashine ya kufyonza inayomudu maji, umepata. Weka mdomo wake kwenye ncha ya chini ya mpira, zungushia tambara, washa. Kufyonza ni bora kuliko kupuliza, kwa sababu uchafu unatoka nje. Upepo mkali wa gereji unaweza kuung'oa mpira kwenye kiungo huko ndani. Fundi anayejua kazi hupuliza naitrojeni kwa presha ndogo. Akija na mtungi wa oksijeni, mtoe mbio: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka.

Na wale wa kumwaga dawa ya kung'arishia nguo: inakula alumini, na ukiichanganya na siki inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Maji na sabuni kidogo yanatosha.

Mwisho mimina kikombe kimoja cha maji. Yakifika kwenye trei bila kusita, rudisha waya ukutani. Ioshe na hiyo trei, maana harufu nyingi zinaanzia humo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye friji yeye azibue: tundu mara moja kwa mwezi, la sivyo atanunua friji jingine. Tuonane wiki ijayo, sakafu ikiwa kavu!