Kobe au Simba?

Ukikaa baraza ya Majengo, Pumwani, baada ya sala ya Ijumaa, usishangae kuwasikia wazee wakibishana: lipi gari bora, Volkswagen ya mgongo wa kobe au Peugeot 504 yenye nembo ya simba? Bishano hili si la upuuzi, maana lina fedha ya jamaa ndani yake.

Tuanze na mbio. Kobe alishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, ikashinda tena 1978. Ingawa ile ya pili ilikuwa ya milango miwili na silinda sita, si hii tuijuayo mitaani. Kwa nguvu hapana ubishi: injini ya kobe wa kawaida ni lita moja na kitu, na ya simba hufika lita mbili. Kwenda Mombasa na watoto na mizigo yao, simba hufika hajahema.

Lakini gari halinunuliwi kwa mbio peke yake. Kobe hana rejeta; injini yake hupozwa kwa upepo, na fundi akishafungua nati nne kubwa huiteremsha chini. Ila mkanda wa feni ukikatika, simama papo hapo. Vali na oili nazo zataka kutazamwa kila maili 3,000. Maradhi ya simba ni maji. Akichemka kwa kupuuzwa, silinda hedi hupinda na gasketi ikaungua. Hata hivyo slivu zake hutolewa zikatiwa mpya pasi na kuchonga bloku, na injini ikawa kama imezaliwa leo.

Rai yetu ni hii: mwenye kipato kidogo, ambaye safari zake ni Buruburu na mjini, na ashike kobe. Mwenye jamaa kubwa na safari za pwani, simba ndiye wake, mradi asisahau maji.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hilo. Kobe wa mwisho alitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na Ulaya iliacha kuunda 504 ya saluni tangu 1983. Yaliyobaki yanaishi kwa mikono ya mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kariobangi, na wengi wao ni watu wazima sasa. Kijana wa leo hujifunza magari ya kompyuta. Wa kutengeneza kabureta kwa kusikiliza tu ni adimu. Basi wewe mwenye gari la namna hii, usimpunje fundi wako ujira, na umhimize amweke kijana kando yake. Siku fundi huyo atakapoondoka bila mwanafunzi, kobe na simba watakuwa vyuma chakavu tu, na hapo bishano litakuwa limekwisha.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.