Umbo la Bodaboda Si Pambo

Vijiwe vya bodaboda vya Moshi, kuanzia Kiboriloni hadi Himo, vina mjadala usiokwisha kuhusu pikipiki ipi ni bora, na ndani yake kuna madai ambayo hayafai kuachwa yapite hivihivi.

La kwanza ni kwamba kazi yote ni ya injini, na mbunifu anakuja mwishoni kuchagua rangi. Hapana. Honda ilipotoa Super Cub mwaka 1958, Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda, alitaka chombo ambacho mpeleka tambi angekiendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umebeba chakula cha mteja. Ndiyo maana klachi ya mkono iliondolewa. Fremu ikashushwa katikati ili mwenye sketi apande bila kurusha mguu, na mbele ikawekwa kinga ya tope. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100. Injini yenyewe ilitengenezwa kumfuata mtu yule na chakula chake.

Wengine husema pikipiki ni chombo cha wanaume, mwenye kitenge atajua mwenyewe pa kukaa. Lakini Boxer na TVS zinazojaa Moshi asili yake ni India, na huko sheria inataka pikipiki iwe na kishikio cha abiria, pa kukanyagia, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe na spoku. Sari ndiyo iliyodai kinga hiyo. Kanga, kitenge na mtandio vina hatari ileile, na mama anayekaa upande huku amekumbatia kikapu cha sokoni anaihitaji kama mwenzake wa India. Fundi anayeing'oa kinga ili apate nafasi ya kufunga keria anamnyang'anya abiria ulinzi uliofikiriwa kwa ajili yake. Hilo linaniudhi kuliko mengine yote.

Kuna pia wanaodai kwamba sisi ni wanunuzi tu, ubunifu uko Japani na India. Si kweli. Gereji za Arusha hukata Land Cruiser, zikairefusha na kuiwekea paa linaloinuka ili mtalii asimame na kutazama wanyama. Moshi nako mafundi huchomelea keria, hufunga bampa za kukinga miguu, na hubadilisha sproketi ya nyuma wakaweka yenye meno mengi zaidi: mwendo unapungua, nguvu ya kuvuta inaongezeka. Wana sababu. Kutoka mjini hadi lango la Marangu unapanda takribani mita 1,000, na kwa kila mita 1,000 hewa nyepesi huipunguzia injini karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mlima unadai zaidi huku injini ikitoa pungufu.

Lakini si kila badiliko ni ubunifu mzuri. Keria ikivutwa nyuma sana ili ipokee mikungu mitatu, uzito unapita nyuma ya ekseli, na kwenye mwinuko gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani hautii. Kiti kinachorefushwa kwa ajili ya mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kina kosa hilohilo.

Dai la mwisho ni kwamba starehe ni anasa. Sivyo. Dereva anayekaa kitini tangu alfajiri hadi usiku, mgongo ukipokea kila shimo, akichoka anachelewa kushika breki. Kiti kizuri ni usalama wa wote wawili. Na kijana anayeing'arisha pikipiki yake kila asubuhi na kuifungia redio ana haki ya kuifurahia kazi yake.

Wanaoziingiza pikipiki hizi wangepeleka wahandisi wao Kibosho wakati wa masika, njia zikiwa tope tupu. Wamuulize dereva, kisha wamuulize na mama aliyekaa nyuma yake.