Mtihani wa leseni ya maabara: Mzazi aambiwe mapema, si baada ya miaka mitatu

Mtoto ameshinda na homa usiku kucha. Alfajiri mama anamfunga mgongoni, anapanda matatu hadi hospitali, na neno la kwanza analoambiwa na daktari ni: "Mpeleke maabara kwanza." Kutoka hapo, matibabu yote yanategemea karatasi itakayotoka kwenye lile dirisha dogo.

Sisi watu wa Pwani tunalijua hili vizuri. Malaria ingali inatusumbua Kwale na Kilifi. Mombasa imewahi kukumbwa na homa ya dengi, ile wazee waliyoiita kidingapopo, na kati ya mwisho wa 2017 na 2018 chikungunya ikawalaza watu mtaa kwa mtaa. Magonjwa haya matatu huanza kwa dalili zinazofanana: joto kali, kichwa kugonga, maungo kuuma. Lakini matibabu yake ni tofauti. Mgonjwa wa dengi akipewa aspirini anaweza kuvuja damu. Wa malaria akiambiwa hana kitu anaweza kufa. Na kabla mama aliyejifungua hajaongezwa damu, kuna mtu wa maabara anayepaswa kuhakikisha kuwa damu hiyo inapatana na yake.

Ndiyo maana sheria ya Kenya haimruhusu mtu kufanya kazi ya maabara kwa sababu tu ana diploma au digrii. Sheria ya 1999 iliunda bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, na kuipa kazi ya kusimamia taaluma hii. Safari ina hatua zake: chuo kilichoidhinishwa, mwanafunzi kusajiliwa na Bodi akiwa bado masomoni (ile wanafunzi huiita indeksi), kufanya mtihani wa Bodi, kuandikishwa, kisha leseni inayolipiwa upya kila mwaka.

Wako wanaosema mtihani huu ni mzigo wa pili, kwani chuo kimeshawatahini vijana. Sikubaliani nao. Vyuo havilingani. Kimoja kina hadubini za kutosha na hospitali ya kufanyia mazoezi, kingine kina vyumba viwili juu ya duka. Mawakili na wauguzi pia hutahiniwa na mabaraza yao baada ya masomo. Anayesoma damu ya mtoto wetu asipimwe kwa kipimo chepesi kuliko wao.

Kasoro iko kwenye wakati. Kanuni hizi humfikia kijana akiwa amechelewa. Mzazi anauza mbuzi, anakopa kwenye chama, analipa karo miaka mitatu. Siku ya kujiandikisha kwa mtihani ndipo kijana anapogundua kuwa hana indeksi, au kozi yake haitambuliwi. Chuo kimeshakula karo. Bodi inasema kanuni ni kanuni. Kijana anarudi nyumbani na cheti cha kutundika ukutani, na wengine huishia kwenye maabara za uchochoroni, wakifanya kwa siri kazi ambayo wangeweza kuifanya kwa halali. Hapo hata mgonjwa hajalindwa.

Serikali nayo imechangia mkanganyiko. Sheria ya vyuo vikuu ilipofanyiwa marekebisho 2016, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo iliyopewa mamlaka ya kuidhinisha kozi za digrii. Vyuo vya kiufundi vina mamlaka yao, TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Bodi za taaluma nazo hazitaki kuachia. Kwa hivyo chuo kinaweza kuwa na kibali kinachoning'inia ofisini kwa mkuu, na bado kibali hicho kisimsaidie mwanafunzi mbele ya Bodi. Wakubwa wakivutana, anayeumia ni mtoto wa Likoni au Msambweni.

Yako mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kungoja sheria mpya. Kwanza, indeksi ikamilike katika muhula wa kwanza, na chuo kisidai karo ya muhula wa pili kabla ya kumkabidhi mwanafunzi namba yake. Pili, Bodi itangaze matokeo ya mtihani chuo kwa chuo, ili mzazi aone mahali wanafunzi wanapofaulu na mahali wanapoanguka. Na kanuni ikibadilishwa, iwahusu wanaoanza masomo, si walio ukingoni kumaliza. Tatu, serikali zetu za kaunti, zinazotoa basari kila mwaka, zisilipe shilingi hata moja kwa chuo ambacho kozi yake ya maabara haitambuliwi na Bodi. Hili la tatu halihitaji Nairobi. Linahitaji karani mwenye orodha mkononi.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kulitilia maanani. Vijana wengi wa Pwani wanatazama Ghuba. Saudia, Dubai na Oman zina mitihani yao ya leseni kwa wahudumu wa afya, na kabla ya kukuajiri watataka kuona kuwa umeandikishwa na bodi ya nchi yako na huna doa. Asiye na leseni ya hapa mlango wa kule pia umefungwa.

Basi mzazi, kabla hujatuma karo kwa simu, uliza: Je, chuo hiki na kozi hii vimo kwenye orodha ya Bodi? Mwanangu atapata indeksi lini? Wangapi kati ya waliomaliza mwaka jana wamepata leseni? Chuo chenye majibu kitakujibu papo hapo. Kikianza kuzungukazunguka, funga mkoba wako uende kwingine.