Kidole si Ufunguo

Msomaji, yasemwa siku hizi kuwa tarakimu za siri ni mzigo wa kizamani, na kwamba mwenye kidole au uso hana haja ya kukumbuka neno lolote. Gusa, simu ifunguke, itazame, ikutambue. Maneno haya hutamkwa kwa majivuno, hasa na vijana, nami nayakataa.

Sikatai kuwa kidole ni chepesi. Kabla ya kidole kuwako, wengi hawakuzifunga simu zao kabisa, kwa uvivu tu, na kufuli dogo ni bora kuliko mlango wazi. Lakini wepesi ni jambo moja, na ulinzi ni jambo jingine.

Ufunguo ukiibwa, kufuli hubadilishwa. Tarakimu zikijulikana, hugeuzwa kwa dakika moja. Kidole kikiigwa, utakwenda kwa fundi gani akupe kingine? Mwaka 2013, simu ya iPhone 5s ilipotoka na kisoma kidole chake, zilipita siku chache tu kabla ya wajuzi wa Ujerumani, Chaos Computer Club, kuihadaa kwa alama iliyopigwa picha juu ya kioo. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikiri kuwa alama za vidole za watu wapatao 5,600,000 zimeibwa katika kumbukumbu zake. Watu hao hawakupewa vidole vipya. Haki yataka niseme kuwa simu njema huhifadhi alama ndani yake yenyewe, isiitume kwingine; lakini wewe huiacha alama hiyo hiyo juu ya kila bilauri unayonywea maji. Tarakimu huachi popote.

Tena, kidole hicho ni cha nani? Kifaa hiki hupenda mkono laini na mkavu. Mtazame mchuma chai wa Kericho, au mwashi aliyeshika saruji kutwa, au mama afuaye nguo za watu: mistari ya vidole imesagika au imekunjamana kwa maji, na simu humkana mwenyewe. Nao wako watoto waliosoma wanaomcheka mzazi akisugua kidole mara tatu bila kufunguliwa! Kasoro ni ya kifaa, wala si ya mkono uliowalipia karo.

Na aliyelala je? Hawezi kutaja tarakimu, lakini kidole chake hushikwa na kubandikwa, naye akaamka fedha zimekwisha kwenda.

Ukidhani natia chumvi, izime simu yako, kisha uiwashe. Itakikataa kidole na kukuuliza tarakimu. Waliokiunda kidole hicho wameziweka tarakimu kuwa bwana, na kidole mtumishi wake. Tarakimu 4 hupangika kwa namna 10,000, na 6 kwa namna 1,000,000. Nawe, katika namna zote hizo, umechagua 1234.