Beseni Halinishiki Mkono

Orodha ile ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Beseni, ndoo yenye mfuniko, mpira wa kulalia, glavu, pamba, wembe, vibanio vya kitovu, khanga zisizopungua nne, nguo za mtoto, chupa ya chai. Nesi aliniandikia kwa peni ya bluu nilipofika wiki ya 30, akasema, "Mama, hakikisha vyote vipo, usije ukatusumbua." Nikahakikisha. Nilinunua vyote Kariakoo kwa siku moja, na beseni nilichagua la pinki kwa sababu ultrasaundi ilishasema ni binti.

Mama yangu alizuiwa getini. Alikaa nje na chupa ya uji kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri. Ndani tulikuwa wanawake 11, najua kwa sababu nilituhesabu kati ya uchungu mmoja na mwingine, na mkunga alikuwa mmoja. Mgongo ulikuwa unakatika, nikataka kuchuchumaa, nikaambiwa nipande kitandani nilale chali. Nilipopiga kelele nikaulizwa swali ambalo wengi wetu tumewahi kuulizwa au kusimuliwa: "Kwani wakati wa raha ulipiga kelele hivi?" Beseni langu la pinki lilikuwa pale chini ya kitanda, jipya, linang'aa.

Sina ugomvi na yule nesi. Mtu mmoja kwa wanawake 11 usiku kucha, hata malaika angeota pembe. Ugomvi wangu ni na sisi tunaojiita wasomi, tuliokubali kwamba kujiandaa kuzaa ni kununua vitu. Tunafanya sherehe ya kumkaribisha mtoto, tunapiga picha ufukweni tumeshika tumbo, tunapakua programu ya simu inayotuambia kila Jumatatu kwamba mtoto sasa ana ukubwa wa parachichi. Nilijua ukubwa wa parachichi. Sikujua uchungu unaanzaje, chupa ikipasuka nifanye nini, wala damu kiasi gani ni ya kukimbilia hospitali.

Utasema kliniki ipo. Ipo, na naiheshimu. Nilipimwa uzito, presha, mkojo, damu. Nikachomwa sindano ya pepopunda, nikapewa dawa ya kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu. Mambo hayo yanaokoa maisha na sitaki mtu aniambie nimeyadharau. Lakini katika mahudhurio yote yale hakuna aliyekaa na mimi dakika kumi akaniuliza naogopa nini.

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa mtaani kwetu, mkunga mstaafu, na aliniuliza kabla hata sijashika mimba ya pili. "Mwanangu, la pili unalitaka lini?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinituma nikapime wingi wa damu na presha, na nianze vidonge vya foliki asidi siku hiyohiyo. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati wengi wetu hata hatujui kama tuna mimba. Usipofunga ndipo tunapata watoto wa mgongo wazi. Mimi mimba ya kwanza nilianza kliniki mwezi wa tano, tena nikajisifu kwamba nimewahi.

Kisha alifanya kazi ambayo zamani somo na kungwi walikuwa na sehemu yao ndani yake: alizungumza. Alinifundisha kupumua nikiwa nimeshika nguzo ya kibaraza chake. Akamwita mume wangu, naye akaja na simu mkononi kama wanaume wanavyokuja. Akamuuliza: usiku wa manane usafiri ni wa nani, fedha ziko wapi, mkeo akihitaji damu nani anatoa? Mume wangu, mwenye shahada mbili, hakuwa na jibu hata moja. Alipoondoka alikuwa ameiweka simu mfukoni.

Kuna wenzetu wakisikia haya wanaruka upande wa pili: basi tuzalie nyumbani, kwa utulivu, hospitali ni ukatili. Hapana. Uzazi wangu wa pili ulikuwa mzuri. Kituo tulichokichagua kiliniruhusu kuingia na mama yangu, nyuma ya pazia la kitenge, na nilizaa nimepiga magoti. Kondo lilipotoka, damu ikagoma kusimama. Mkunga wa zamu alikuwa keshanichoma oksitosini. Akaanza kunisugua tumbo kwa nguvu, akaongeza dawa, akaniwekea dripu, huku mama ananishika mkono na kunisemesha nisilale. Kwenye mkeka nyumbani ningekufa. Nataka vyote viwili, sindano na mkono, na sioni kwa nini nichague.

Takwimu zetu wenyewe zinatudai. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vifo vya uzazi Tanzania ni 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanawake wanaojifungulia kituoni wamefika asilimia 81. Tuliwaambia njooni kituoni, nao wamekuja. Sasa wakishafika tunawaambia nini? Kenya, mwaka 2013, mwanamke mmoja wa Bungoma alijifungulia sakafuni hospitalini na kupigwa makofi, picha zikasambaa. Machi 2018 Mahakama Kuu iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Ilibidi pawe na picha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mtu wa kumsindikiza anayemchagua mwenyewe, na ajifungue kwa mkao anaoutaka. Tafiti zilizolinganisha wanawake waliokuwa na mtu pembeni muda wote na waliokuwa peke yao zinaonyesha uchungu wao huwa mfupi na upasuaji hupungua. Jibu ninalopewa kila nikisema haya ni kwamba leba zetu hazina nafasi, hazina faragha. Pazia la kitenge bei gani? Tunachangishana mamilioni kwa kamati za harusi. Naomba nioneshwe kamati moja iliyochangia mapazia ya wodi ya wazazi. Na wakunga tunaowahitaji ni wengi zaidi, walipwe, walale. Hilo pazia haliwezi kulifanya na ni la serikali, basi tuidai kwa sauti ileile tunayodaia umeme ukikatika.

Wifi yangu ana miezi mitano. Juzi alinipigia kuuliza beseni zuri linauzwa wapi. Nikamwambia asinunue, aje achukue langu la pinki. Kisha nikamuuliza ataingia na nani leba. Akanyamaza, halafu akasema, "Kwani wanaruhusu?" Nikamwambia aje Jumamosi, tena aje na mumewe, yule mama huwa yupo kibarazani kuanzia saa kumi.