Kadi Haijakufa, Ni Wewe Umeiua

Leo sichekeshi mtu, nimekuja na hasira.

Kuna neno moja nataka lipigwe marufuku katika kila banda la PS kutoka Kericho mjini mpaka Bomet, ukipitia Litein, Kapkatet na Sotik. Neno lenyewe ni "fomati". Memori kadi ya PS2 ikikataa kusomeka, fomati. Ikisema imejaa, fomati. Gemu ikikwama mahali, fomati. Mwenye banda hata hainui macho kwa simu. Anasema tu "fomati hiyo kitu", mtoto wa gredi ya tano anabonyeza X, na miezi minane ya mtu inaenda na maji.

Ukiniuliza mimi, huo si ufundi. Ni uvivu, na ni dharau. Nitaeleza yote mawili, lakini kwanza nikiri, sitaki kuwa yule nyani asiyeona kundule.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, likizo ya Desemba, nimeachiwa banda moja karibu na Kapkatet. Mabati, benchi mbili, TV tatu, PS2 tatu, mbao kwa nusu saa. Kulikuwa na jamaa tulimwita Kochi. Alikuwa anachuna majani siku sita, ya saba anakuja kwetu ameoga, analipa saa moja na haongezi hata dakika. Hiyo saa yote ilikuwa ya Master League kwa PES, na ile timu ya wachezaji wa kubuni unayopewa mwanzoni, akina Castolo na Minanda. Wengine wote wakianza wanauza hao haraka sana. Kochi alikataa. Alisema atapanda daraja na hao hao. Saa moja kwa wiki, maze. Ilimchukua karibu mwaka mzima na akapanda.

Jumanne moja nikawasha mashine, skrini ikasema kadi ya Kochi haijafomatiwa. Nikampigia mwenye banda. Mnajua alichosema. Nikabonyeza. Mara ya kwanza ikagoma. Nikaisukuma kadi na kidole gumba nikiishikilia, nikabonyeza tena, ikakubali. Nikajiona fundi.

Mchana nikachomeka kadi ya mtoto mwingine kwa tundu lile lile. Ujumbe ule ule. Hapo ndipo tumbo lilianza kuniuma, kwa sababu kadi mbili hazifi siku moja kwa tundu moja. Nikachukua pamba ya masikio na spiriti ya chemist, nikazima mashine, nikasugua vile vyuma vya ndani. Ile pamba ilitoka nyeusi kama makaa. Nikaacha ikauke, nikarudisha kadi ya mtoto. Faili zake zote zikaonekana. Nikarudisha ya Kochi. Ilisomeka vizuri kabisa, safi, tupu.

Sasa rudi kwa kile kidole gumba. Ile kadi ilikubali kufomatiwa kwa sababu nilipoisukuma, vyuma vilishikana. Ningeisukuma hivyo hivyo kabla ya kubonyeza, ingesomeka. Kidole kilichomuua kingemwokoa.

Jumapili Kochi akaja. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Kijana, uliitoa ukairudisha kwanza?" Sikuwa na jibu. Akakaa kwa benchi akiangalia wengine wakicheza, mvua ilipopungua akaenda. Sijawahi kumuona tena kwa banda.

Kwa hivyo ninaposema uvivu, najua ninachosema.

Tuanze na mvua, kwa sababu hapo ndipo kadi nyingi za huku huharibikia, na sijaona mtu akiiongelea. Watu wa Nairobi wakitengeneza video za kurekebisha PS2 hawajui maisha yetu. Huku kwetu mvua ina saa yake. Asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa radi. Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na mkulima yeyote wa chai atakuambia inavyopasua majani. Sasa, mvua ikianza, vijana wote wanakimbilia wapi? Kwa PS. Banda linajaa saa ile ile ambayo stima iko karibu kupotea. Mvua ndiyo inaleta wateja na mvua ndiyo inaua kadi zao.

Kinachotendeka ndani ni hiki. Kadi ya PS2 haina betri. Ukiskia fundi anakuambia "betri ya kadi imeisha", mwambie asante na uondoke. Zenye betri ni zile kaseti za zamani, nyingi za Game Boy na Super Nintendo, zilizowekwa betri ndogo bapa kama ya saa, na ikifa, ulichosevu kinakufa nayo. Kadi ya PS2 ni chipu ya flashi, inashika kumbukumbu bila stima. Lakini unaposevu, mashine haiandiki faili peke yake. Inaandika pia orodha ya kuonyesha kila kipande cha faili kimekaa wapi. Stima ikikatika katikati ya hayo mawili, orodha inabaki nusu. Ukiwasha, unaona ile "Corrupted Data" na moyo unashuka.

Lakini angalia vizuri! Mara nyingi iliyoharibika ni faili moja, ile uliyokuwa unasevu. Za wengine ziko sawa. Zima, toa diski, washa tena, ingia Browser, fungua kadi, chagua hiyo moja mbaya na uifute yenyewe. Wewe unafomati kadi nzima kwa sababu ya faili moja? Huo ni kama kuchoma nyumba kwa sababu umeona panya.

Halafu kuna kadi zinazolaumiwa bure kabisa. San Andreas inaongoza. Nimeletewa kadi tatu mwaka huu na vijana wanaolia ati kadi imeharibu gemu: mtu anafika misheni ya Madd Dogg, Madd Dogg anaruka kutoka juu ya jengo kabla hujafanya lolote, kila mara. Kijana, wewe uliingiza chiti ya fujo mtaani ukasevu nayo. Hiyo chiti ikishasevuwa haitoki, na misheni haimaliziki. Kadi imeshika vizuri sana ule ujinga uliouweka. Na kwa sababu San Andreas ina nafasi 8 tu za kusevu na kila moja inaonyesha jina la misheni ya mwisho, si jina la mwenyewe, watoto kumi na watano wa banda moja wanasevu juu ya wenzao halafu wanasema "kadi inasahau". Kadi haisahau. Mmesuguana.

Wengine wanachomeka kadi ya PS1. Inaingia kwa tundu bila shida, lakini ni ya kilobaiti 128 na gemu za PS2 haziitaki. Haijafa. Ni ya mashine nyingine.

Na nyinyi wauzaji, msidhani nimewasahau. Kadi ya Sony yenyewe ya PS2 ni megabaiti 8. Hizo mnazoning'iniza za 64 na 128 si za Sony, hata mkibandika jina gani juu. Nimenunua mbili, nikatoa soo tano kwa kila moja, na zote zilianza kumeza faili hata kabla hazijajaa nusu. Sisemi kila kadi isiyo ya Sony ni mbaya. Nasema ukimuuzia mtoto wa mchunaji kadi "ya 128" na unajua huwa zinarudi, unamwibia mara mbili: pesa, halafu kazi atakayoiweka ndani.

Ndiyo, nimesema kazi. Sasa niwafikie wale wa "ni gemu tu".

Wengi wetu nyumbani tuna chai. Unajua inavyokuwa kwa kituo cha majani. Mama amechuna toka asubuhi, gunia limepandishwa kwa mizani, karani anaandika kilo. Zile kilo ndizo malipo ya mwezi, na ndizo bonasi ya mwisho wa mwaka. Hebu niambie, kuna karani anaweza kusimama pale mbele ya kina mama aseme, "Kitabu kilikuwa kimejaa, nikafuta kilo zenu za Machi"? Angetoka hapo na viatu? Hawezi, kwa sababu kila mtu anajua kilichoandikwa mle ni jasho la mtu, na kitabu si mali ya karani.

Kochi alikuwa na saa moja kwa wiki ambayo hakuna aliyekuwa anampimia kwa mizani. Aliilipia. Alichofanya ndani yake kiliandikwa mahali pamoja tu duniani, na tuliokuwa tumeshika hicho kitabu tulikifuta kwa sababu kusugua vyuma kungechukua dakika tano. Hatungethubutu kama ingekuwa pesa. Tulithubutu kwa sababu ni burudani, na burudani ya mtu mwenye mbao mbili huwa inahesabiwa si kitu. Hiyo ndiyo dharau niliyosema.

Na msiniambie wenye mabanda hawaelewi. Wanaelewa sana. Mabanda mengi siku hizi hayatumii diski, gemu ziko kwa flashi au hadi diski na mashine inawashwa na Free McBoot, ambayo inakaa wapi? Kwa memori kadi. Mtoto akifomati kadi ya buti, mashine haifungui gemu hata moja, na mwenye banda anamlipa fundi tena. Hapo sijawahi kusikia mtu akisema "ni gemu tu". Hapo ni makelele, ni nani aligusa, ni nani alibonyeza. Kumbe uchungu wa kufutiwa mnaujua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa wanayo tayari. Ukifungua menyu ya hiyo Free McBoot, mara nyingi kuna programu inaitwa uLaunchELF. Chomeka flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (fomati pekee ninayoikubali, na iwe flashi yako), fungua kadi, nakili folda zote. USB ya PS2 ni ya zamani na polepole, lakini faili za kusevu ni za kilobaiti tu, soda haijaisha na umemaliza. Huna hiyo programu? Mashine ina matundu mawili. Nunua kadi ya pili, ingia Browser, nakili kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Hiyo haihitaji fundi, haihitaji intaneti, haihitaji kitu. Fanya kila Jumatatu asubuhi wakati banda halina mtu na jua linawaka.

Na kama una banda, tafuta UPS kuukuu, zile zilizotolewa kwa saiba. TV ikizima na mashine ibaki inapumua dakika mbili, mtoto anamaliza kusevu. Huwezi UPS? Basi wingu likiwa jeusi piga kelele: "Sevuni sasa!" Konda wa matatu anaweza kuita abiria siku nzima, wewe huwezi kuita mara moja saa nane?

Kuna wale watasema tuhamie emuleta kwa simu, au tununue PS5 tuache vitu vya makumbusho. Sawa. Emuleta pia inasevu kwa faili inayojifanya kadi, na simu ikiibiwa umeenda nayo. PS5 kuhifadhi faili zake mtandaoni unalipia PlayStation Plus kila mara. Na Sony waliacha kutengeneza PS2 2013 baada ya kuuza zaidi ya milioni 150, ndiyo maana bado ziko kila soko. Tutakuwa nazo kwa muda. Tuzijue.

Kwa hivyo mpangilio wangu ni huu, na ukitaka kunipinga nipinge na sababu. Kwanza zima, toa kadi, irudishe. Ijaribu kwa tundu la pili. Ijaribu kwa mashine nyingine. Safisha vyuma vya kadi na vya tundu, acha vikauke. Nakili kila kinachosomeka. Futa faili iliyooza peke yake. Ukishafanya yote hayo na bado unataka kufomati, mtafute kwanza mwenye faili umwambie usoni, "Nataka kufuta kazi yako." Uone kama mdomo utafunguka.

Jumamosi huwa niko kwa steji ya Kapkatet na PS2 yangu, pamba, spiriti na flashi. Leta kadi iliyokataa, sitoishi chochote. Kochi, kama unasoma hii, nina Castolo hapa, hajauzwa. Wengine wote njooni kabla ya saa nane. Mawingu yakishapanda sigusi kadi ya mtu.